Barua ya Pili kwa Mama Osmundi

Jamani, kompyuta haikukosea. Nilikosea mimi, halafu nikaisingizia mbele ya mama mfiwa.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa Ifakara, mafuriko yalipotuletea kipindupindu bondeni. Mradi mmoja ulifungua kambi ya wagonjwa. Mimi, kijana wa Mlabani niliyesomea kompyuta Dar, nikapewa kazi ya kutunza taarifa zao. Nilivyokuwa najisikia, acheni tu!

Programu niliiandika mwenyewe. Haikuhifadhi hali ya leo ya mgonjwa peke yake. Ilihifadhi kila tukio bila kufuta: kapokelewa, kawekewa dripu, kapona, kafariki. Ukitaka kujua hali yake, inayapitia matukio yote upya tangu la kwanza, ndipo inakupa jibu.

Likipita tukio la kupona, printa inatoa barua ya kuwaita ndugu, dereva anaipeleka kijijini. Kifo hakikuwa na barua. Kwetu msiba hautumiwi karatasi, anatumwa mtu.

Osmundi, wa kijiji cha Mbingu, alipona, barua ikaenda. Kabla mama yake hajafika, ugonjwa ukamrudia, akafa. Wafu wa kipindupindu tuliwazika wenyewe, harakaharaka. Mama alikuta kaburi tu, uso wa mwanawe hakuuona.

Wiki kadhaa baadaye umeme ulikatika ghafla, hali za wagonjwa zikavurugika kwenye kompyuta. Matukio yalikuwa salama, kwa hiyo dawa ilikuwa kuyapitisha yote upya. Nilijua kabisa kwamba kwanza niizuie printa, isije ikatoa tena barua za zamani. Haki ya Mungu, nilijua! Lakini wageni wa mradi walikuwa njiani, nami nilitaka wakute skrini inapendeza.

Nikayapitisha hivyohivyo. Skrini ikasema kweli: Osmundi, kafariki. Wageni wakanipa mkono, wakanisifu, nikavimba kichwa. Huku chumba cha pili printa inatoa barua, na dereva akazibeba kama kawaida yake.

Mama Osmundi akaja. Mkononi ana shati lililopigwa pasi, na bakuli la wali limefungwa kwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimemfuata Osmundi, mmeniandikia kapona. Kumbe mlizika mtoto wa mwenzangu! Njia nzima nimekuja namwombea huyo mama."

Hapo ndipo nilipaswa kusema, "Mama, nisamehe, ni mimi." Mwoga mkubwa mimi! Nikasema, "Mama, mashine imekosea. Osmundi alifariki kweli."

"Hiyo mashine ilimwona?"

Akanipita, akaingia wodini. Alikwenda kitanda kwa kitanda, anafunua shuka, anatazama nyuso. Alipomaliza cha mwisho, akarudi kwenye kitanda cha kwanza, akaanza upya. Manesi walilia, mimi nikajificha chooni.

Kazi ile niliiacha. Nikiwa na safari ya Mlimba nasinzia kwa makusudi, nisiione Mbingu ikipita.

Ninyi mnaotunza kumbukumbu za watu, nawasihi! Kabla hamjayarudia ya zamani, hakikisheni hayatoki nje kwenda kumgongea mtu mlango. Na mkikosea, msiseme ni mashine. Mama yule alifiwa na mwana mmoja mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kipindupindu. Ya pili ilikuwa mimi.