Mwende Mgongoni, Njia ya Maporomoko

Juzi nilikuwa nikiuza ndizi juu ya mji wa Kikima, pale njia ya kwenda kwenye maporomoko ya maji inapoanzia, nikaona familia ya wageni wakipanda. Mama yao alikuwa akisimama kila kona kupiga picha.

Mama yetu pia alikuwa akisimama kila kona, alasiri ile aliyotupeleka sisi watatu tukiwa watoto. Baba alikuwa ameshazikwa. Mama alimfunga Mwende, kitindamimba wetu, mgongoni mwangu kwa leso yake iliyonukia moshi na sabuni. Kisha kila mara aliketi juu ya jiwe, akihema, na kusema, "Hebu tazameni mashamba huko chini."

"Mama amezeeka," mdogo wangu Kyalo alininong'oneza. "Tumwache aliwe na nyani."

"Nimekusikia, wewe mdomo," mama alisema.

Mimi niliamini anapenda tu kutazama mbali. Habari za ugonjwa wake sikuwa nazo.

Tulisikia maji kabla ya kuyaona. Hewa ilinuka majani mabichi na mawe yaliyolowa. Mama akanyoosha mikono amchukue Mwende. Mtoto akalia, akaning'ang'ania shingo. Mama alipojaribu tena, Mwende akageuza uso.

"Basi, kaa na dada yako," mama alisema, akatabasamu.

Nilijivuna kwamba nimemshinda mama. Muda mfupi baadaye mama alifariki, nikaacha shule ili nimlee Mwende, na sasa najua kwamba mama alipanda mlima ule kuona kama mtoto angekubali kubaki nami.