Saa ya Babu na Bei ya Kitabuni

Harufu ya mafuta ya taa ikinifikia, hata leo, mimi hugeuza uso kabla sijakumbuka ni kwa nini. Wenzangu wa rika langu huwakumbusha koroboi na kazi ya shule. Mimi hunikumbusha saa ya babu, na kitambaa ambacho mama alikichovya kwenye mafuta kila Jumamosi aipanguse kona kwa kona, kama anayemwosha mtoto mgonjwa.

Babu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja aliyelima ngano kule Cheptiret. Mzungu alipouza shamba akarudi kwao, alimwachia babu saa ya mezani: nyeusi, nzito, yenye nguzo mbili ndogo ubavuni. Babu akamwachia baba. Baba naye, alipofariki nikiwa darasa la tano, akatuachia sisi watatu, mama, dada yangu Nanjala na mimi Nafula. Saa yenyewe ilishakufa zamani. Ilisema saa nne na robo kutwa kucha, na mama aliiheshimu hivyo hivyo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mkono wangu unapoingia. Mwaka uliofuata Nanjala aliitwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Alikuwa na kichwa, huyo, mtaa mzima ulijua. Lakini mama alikuwa muuza nyanya. Alizipanga kwenye veranda ya duka la Mzee Abdi, Msomali aliyeuza magodoro na mablanketi, ambaye alimwacha akae pale bila kumtoza hata senti. Barua ya shule ilisema msichana aripoti katika wiki mbili, la sivyo nafasi apewe mwingine. Mama alikwenda kanisani, akaenda kwa shemeji zake, na kote alirudi na maombi tu.

Basi mimi, mjuaji wa darasa la sita, nikaleta kitabu. Kilikuwa kwenye kabati ya shule yetu pamoja na vitabu vingine vya msaada kutoka Ulaya ambavyo walimu wenyewe hawakujua vitatufaa nini. Ndani mlikuwa na picha za viti, vikombe na saa za kale, na chini ya kila picha bei yake kwa pauni. Nikafunua, nikafunua, mara paap! Saa nyeusi, nguzo mbili. Pauni elfu moja na mia mbili. Nilimuuliza mwalimu wa hesabu pauni ni shilingi ngapi, nikarudia hesabu mara tatu kwa sababu sikuyaamini macho yangu. Laki moja na nusu, na chenji juu.

Mama alikaa chini. "Nafula, hebu soma tena."

Nikasoma.

"Kwa Kiingereza hicho hicho. Usinipunguzie."

Nanjala alicheka mpaka akalia. Jioni ile tulikula ugali na mayai, watu watatu mayai manne, tukijiona matajiri.

Siku mbili baadaye Mzee Abdi alikuja nyumbani kwetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alivua viatu mlangoni, akasema amesikia tuko na saa ya zamani, na yeye anapenda vitu kama hivyo. Mama akamwonyesha. Aliitazama muda wa kumeza mate tu. Hakuigeuza, hakuifungua.

"Mama Nanjala, nitakupa elfu ishirini."

Mama akanyamaza.

"Basi, ishirini na tano," akaongeza mwenyewe, bila kuombwa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na kulielewa hilo lazima umjue muuza nyanya. Sokoni mnunuzi hushusha, hapandishi. Akipandisha mwenyewe, mama alikuwa akisema kila siku, jua ameona kitu ambacho wewe hujakiona. Na mama alikuwa ameshaumwa. Dalali aliyenunua ng'ombe wa baba baada ya mazishi alipandisha hivyo hivyo, akajifanya ana huruma, na kabla jua halijatua alikuwa amemuuza mara mbili ya bei. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Labda mama angetulia, angefikiri. Lakini mimi na kidomodomo changu nikadakia, mbele ya mgeni: "Mama, kitabu kinasema laki na nusu!"

"Kumbe hata wewe, Mzee Abdi?" mama akasema. "Mjane ndiye wa kuibiwa?"

Mzee akatazama chini. "Wallahi, Mama, hiyo ndiyo niko nayo."

Nani angemwamini? Alivaa viatu vyake, akatoka. Kesho yake mama alihamisha nyanya ng'ambo ya barabara, kwenye jua kali, na kila mteja aliyeuliza alielezwa kwa nini.

Tukaifunga saa kwenye shuka, tukaanza kuizungusha mjini Eldoret. Fundi wa saa alisema mashine imeoza. Mwenye hoteli alitucheka mpaka akaita wapishi wake waje kutuona. Mzee mmoja wa Soy, aliyesifiwa kuwa amekaa sana na wazungu, alitaka kutupa mia tano, ati achukue mbao tu. Kila tulipofika mama alikuwa akiniambia, "Soma," nami nasoma, na kila siku sauti yangu ilipungua. Nilitamani kukimeza kile kitabu. Nanjala aliacha kuijaribu ile sketi aliyoazimwa na jirani, akaikunja, akairudisha bila kuambiwa.

Siku ya mwisho ya kuripoti mama alinawa uso, akanishika mkono, tukavuka barabara. Alikuwa amekata shauri kupiga magoti kama ingebidi. Dukani tulimkuta mtoto mkubwa wa Mzee Abdi. Baba yake amefiwa na ndugu, akasema, amesafiri Wajir, labda atarudi baada ya wiki moja. Mama akamweleza kuhusu saa, akabembeleza.

"Saa?" kijana akashangaa. "Mama, mzee hanunuangi vitu vya zamani. Hata redio ya babu yetu alitupa."

Mama alikaa kwenye ngazi ya duka akalia mbele za watu. Sikuwahi kumwona akilia hivyo, hata kaburini kwa baba.

Nafasi ikaenda. Nanjala alipelekwa Soy kwa shangazi, kulea watoto wa wenyewe, na huko akaolewa. Zamu yangu ya kidato cha kwanza ilipofika, yunifomu niliyovaa ilitoka kwenye mshahara wake wa uyaya. Eh, na niliivaa.

Leo mimi ni mkutubi wa chuo, huku Chepkoilel. Mwaka jana tuliletewa maboksi ya vitabu vya msaada, na katika boksi moja nikakuta kitabu cha bei kama kile. Nilifunga mlango wa ofisi, nikasoma zile kurasa za mwanzo ambazo utotoni niliziruka nikikimbilia picha. Bei zile zilikuwa za saa za mawe halisi, zinazotembea, zikiuzwa huko kwao. Za mbao zilizopakwa rangi zifanane na jiwe, kama yetu, viwanda vilizimwaga kwa maelfu. Hazikupewa hata picha. Bei yake, ikiwa nzima, ni ya kuku wachache.

Mzee Abdi hakuja kuitazama saa. Alikuja kumpeleka dada yangu shule, na mama abaki kichwa juu, aseme ameuza, hakuomba. Mama aliponyamaza, mzee alidhani karo haijatosha, ndiyo maana akapandisha. Nasi tukamwita mwizi. Ameshazikwa sasa, sina wa kumwomba msamaha.

Nilimpigia Nanjala nikiwa bado nimekishika kitabu, nikamweleza yote, nikilia kama mtoto. Nilisikia mteja kwenye kibanda chake cha mitumba akiuliza bei ya blauzi, na yeye hamjibu. Mama yuko mzima, miaka themanini na kitu, na hakuna mgeni anayemaliza chai kwake bila kusimuliwa jinsi alivyokataa kuibiwa saa ya laki na nusu.

"Nafula," dada yangu akasema mwishowe, polepole. "Mama asijue."