Dada Yake Stelingi

Dukani kwetu Ilomba hakuna anayeomba muvi kwa jina. Mtu anakuja, anaegemea kaunta, anasema, "Nipe ile ya kipara anayegombana na mkwewe," na mimi najua. Au, "Ile ya binti anauza maua halafu anarukwa na akili." Hiyo nayo najua. Majina yenyewe yameandikwa Kiingereza, mengine kwa herufi ambazo kompyuta yetu inazionyesha kama visanduku vitupu, sasa nani ahangaike nayo? Nimekaa kwenye kaunta hiyo tangu matokeo ya kidato cha nne yalipotoka na kunionyesha mlango. Kazi yangu ni kuwawekea watu muvi kwenye flashi, na wakirudi kusikiliza maoni yao.

Na maoni wanayo. Nje ya duka kuna benchi, na benchi hilo lina wenyewe. Yupo fundi cherehani wa mlango wa pili, mtu mzima, anashona sare za shule huku jicho moja liko kwenye televisheni yetu. Huyu haamini kitu. Yupo mama wa parachichi, ambaye meza yake inatazamana na duka, analia na kucheka bila kumkosea mteja chenji. Na yupo kijana wa bodaboda ambaye kwake muvi isiyo na ngumi ni mahubiri.

"Jana nimeangalia ile ya mzee na mbwa," ataanza bodaboda. "Mzee anatembea na mbwa. Nikasema sasa hivi anatoa bunduki. Hatoi! Mpaka inaisha, mzee na mbwa, mbwa na mzee."

"Hukuielewa," atasema mama. "Yule mbwa alikuwa wa marehemu mke wake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hana moyo wa kupigana, mwanangu. Ana majonzi."

"Hata mimi nina majonzi, mama, na abiria nabeba."

Fundi hainui kichwa. "Mzee hana shida. Shida ni koti. Katoka nyumbani na koti lenye mfuko wa nje, kafika mjini mfuko uko ndani. Nani kamshonea njiani? Mbwa?"

Hapo nacheka mpaka nashindwa kuhesabu mafaili ninayopakia. Mimi naamini hakuna shule ya filamu inayoshinda benchi lile.

Lakini ieleweke kwamba kwetu muvi haihukumiwi kwa stelingi peke yake, yule mhusika mkuu ambaye tangu utotoni tunajua hafi. Inahukumiwa pia kwa mtafsiri. Muvi inatoka huko ilikotoka na lugha yake, halafu mtu mmoja anaiwekea sauti ya Kiswahili juu, yeye ndiye baba, ndiye mtoto, ndiye adui, ndiye na bibi kizee. Akipenda anatia na utani wake. Ipo sauti moja ya Dar ambayo benchi zima linaiheshimu kuliko mwenyekiti wa mtaa. Sauti nzito ya kiume. Zote ninazozijua ni za kiume.

Mimi nikawa nataka na ya kwangu iwemo. Na nilijua naweza, sitajifanya mnyonge hapa. Nilipokuwa mdogo Iringa, wenzangu walikuwa wananipa mahindi yao ya kuchoma ili nihadithie muvi niliyoitazama kwa jirani, na wakati mwingine nilikuwa sijaitazama.

Bosi wangu namwita anko ingawa si ndugu. Nilimsumbua muda mrefu. Siku moja ikaingia tamthilia mpya ya Kikorea, wateja wanaiulizia, tafsiri hakuna. Anko akakuna kidevu.

"Haya, jaribu. Lakini sikiliza, binti yangu. Benchi likikukubali, utatafsiri. Likikukataa, unarudi kwenye kaunta na sitaki kuzisikia tena hizi habari."

"Nimekubali, anko."

"Hujauliza hata inahusu nini."

"Nitaijua nikiiona."

Kumbe ilikuja bila yale maandishi ya chini. Hata Kiingereza changu cha kuungaunga kikakosa pa kushika. Nikatafsiri kwa macho. Jumapili mchana, nikitoka kanisani, duka limefungwa, najifunika blanketi na simu mdomoni ili makelele ya barabarani yasiingie. Mvua ikipiga bati naacha, ikikatika naendelea. Kulikuwa na jogoo wa jirani aliyekataa kushirikiana, nikamwacha. Bodaboda baadaye alisema ndiye mwigizaji bora.

Sasa, ndani ya nyumba ya stelingi kulikuwa na msichana. Stelingi amekaa mezani na mama yake mzazi, anakula. Msichana anaingia, anamfokea, anamnyang'anya sahani, anakula yeye. Na yule mama anacheka! Nikajiuliza, huyu ni nani? Kwetu msichana anayemnyang'anya kijana sahani mbele ya mama mkwe hajazaliwa. Huyo ni dada yake. Nikambadilishia sauti nikasema, "Kaka, umezidi! Tumbo gani hilo? Mama, hukuniambia kama ulizaa na nguruwe!"

Benchi lilianguka kwa kicheko. Sisemi kwa kutia chumvi. Mama wa parachichi alishika meza yake isipinduke. Fundi alisimamisha cherehani, kitu ambacho huwa anakifanya kwa msiba tu. Wiki ile flashi zilikwenda mpaka Mbalizi, zikaenda Chimala kwa wafanyabiashara wa mchele, na moja nikampa kondakta amfikishie mama yangu Iringa. Watu wakawa wanauliza, "Yule dada yake anaendeleaje?" Kila sehemu mpya iliyoingia nikamzidishia maneno. Nikampa hekima, nikampa na wivu wa dada kwa kaka. Nilimpenda yule dada kama namlisha mimi.

Halafu ikafika siku anko alipopokea sehemu nyingine na kuiwasha kabla sijaigusa, bila tafsiri, ili kuvuta wateja. Mimi niko kaunta. Theluji inaanguka kwenye muvi. Stelingi na dada yake wamesimama chini ya taa. Stelingi akamshika kiuno.

"He!" mama wa parachichi akasimama. "He! He! He!"

"Labda anamfuta theluji," akasema bodaboda.

Hakuwa anafuta theluji. Alipiga goti, akatoa pete.

"Zima! Anko, zima, watoto wa shule wanapita!" Mama alishaivua kanga ya begani na anaziba nayo kioo. "Tumbo moja! Tumbo moja na mama yao yuko hai!"

"Hawa Wakorea," akasema bodaboda kwa masikitiko, "mimi nilikuwa nawaheshimu."

Fundi cherehani aligeuza shingo taratibu, akanipata nilipojificha nyuma ya kompyuta. "Binti."

"Abee, baba."

"Huyu ni dada yake kwa nani?"

Bodaboda alianza kucheka, kwanza kidogo, halafu akashindwa kukaa. Ndipo wote wakaelewa, na nikajua nimekwisha.

Jioni anko hakunigombeza, jambo lililoniuma zaidi. Aliniambia tafsiri ya Dar imeshatoka, itafika Jumamosi, na kule yule msichana ni mtoto wa mpangaji, wamekua nyumba moja tu. "Nitaweka hiyo. Wewe pumzika."

"Anko, sehemu za mwisho bado. Niache nizimalizie."

"Utazimaliziaje? Ameshamvisha pete dada yake."

"Nipe mpaka Jumapili."

"Halafu?"

"Benchi ndilo liamue, kama ulivyosema mwenyewe."

Nadhani alikubali kwa huruma, na huruma nayo nikaipokea.

Nikaziangalia zile sehemu za mwisho bila sauti, nikarudia, nikarudia. Nilikuwa natafuta mlango wa kumtoa yule binti kwenye undugu, lakini mlango wa haki, si wa kudanganya watu kwamba sikusema nilichosema. Nikaupata jikoni. Mama yake stelingi amekaa na msichana wanamenya vitunguu saumu. Mama anaacha kumenya. Anafuta mikono. Anasema maneno marefu, bila kumtazama, na msichana analia huku anacheka. Anasema nini? Sijui mpaka leo. Ila uso ule niliujua.

Mama yangu wa Iringa hakunizaa. Aliyenizaa ni dada yake, alifariki mimi sijaanza kutambaa. Niliambiwa siku tunapukuchua maharage uani, nikiwa nimeanza tu shule. Mama aliacha maharage, akapangusa mikono kwenye kanga, akawa anatazama banda la kuku. Alisema, "Tumboni sikukubeba. Nimekubeba mgongoni mpaka kanga zikaisha. Sasa ukisikia watu wanasema, uwe umeshasikia kwangu." Kisha akaniuliza kama nina njaa. Nililia na nikacheka, kwa sababu kweli nilikuwa na njaa.

Basi nikajifunika blanketi, na yule mama wa Kikorea nikampa maneno hayo, kama yalivyo. Nilipofika kwenye kanga sauti ikakwama. Nilitaka kufuta nianze upya. Nikaiacha hivyohivyo, maana pale na yeye mama kwenye muvi alikuwa amenyamaza, midomo yetu ikawa sawa.

Jumapili anko alifungua duka kwa ajili hiyo tu, na benchi lilijaa, hadi wasiokuwa na kawaida ya kuja. Wengi walikuja kunicheka, na mwanzoni walinicheka kweli. Stelingi akitokea tu, mtu anapaza sauti, "Bwana harusi wa familia!" Mimi nimesimama mlangoni, mikono nimeikunja nyuma, kifua mbele. Ikafika jikoni. Vitunguu. Mama akafuta mikono.

Nilisikia mpaka pikipiki za barabara ya pili.

Mama wa parachichi alikuwa amelowa mashavu na hajifuti. "Kumbe," akasema polepole. "Kumbe si dada yake. Kalelewa tu. Na wala hakujua."

"Ndo maana alikuwa anamnyang'anya sahani," akasema bodaboda. "Alidhani kwao."

"Ni kwao," mama akamkata. "Ni kwao, we mtoto! Nani kakwambia si kwao?"

Fundi alijikohoza. "Mimi ya Dar nimeiona jana. Pale jikoni mama hasemi habari za mgongo. Anasema wanahama ile nyumba."

"Baba," akasema mama wa parachichi, "mtu anahama nyumba, anacheka huku analia?"

"Itategemea nyumba."

"Wewe ulikisikia Kikorea chake? Na yule wa Dar alikisikia?"

"Simtetei mtu. Ninachosema, hayo maneno hayamo."

"Hayamo wapi? Mimi nimeyasikia hapa!"

Wakabishana mpaka jua likageuka upande wa pili wa mtaa. Wengine walisema mtafsiri hana ruhusa ya kutia la kwake. Bodaboda akasema wote wanatia, yule wa Dar juzi alimfanya rubani wa ndege aulizie chipsi mayai. Mtu mmoja akauliza kama stelingi na yule binti sasa wanaweza kuoana kwa amani, na mama akasema wanaweza ila waende kwanza kwa wazee. Hapo nikajua wamo ndani ya muvi yangu, wanapanga mahari.

Mwishowe fundi ndiye aliyeniita. "Binti, umekosea mwanzo. Ulitakiwa usubiri ujue."

"Ni kweli, baba."

"Lakini umeshona vizuri ulipochanika. Mshono hauonekani kwa mbali." Akakanyaga cherehani yake akaendelea na kazi. Anko alikuwa anasikiliza kutoka ndani. Alisema tu ataweka zote mbili, ya Dar na ya kwangu, mteja achague.

Wiki ile sikuthubutu kumshawishi mtu. Niliuliza kila mteja kwa adabu, "Unataka ipi?" Wako waliosema ya Dar, nikawawekea. Na wako waliosema, "Ile ya binti wa hapa," bila kujua ni mimi ninayewashikia flashi. Kina mama wengi walisema hivyo. Mmoja kutoka Usangu, aliyekuja mjini kuuza maziwa ya mgando, alitaka nakala mbili, ya pili ya mkwewe.

Halafu mama, ambaye kondakta alimpelekea na sehemu za mwisho, akapiga simu kutoka Iringa. Hatuna kawaida ya kuzunguka na maneno, lakini siku hiyo alinipa salamu mpaka za kuku.

"Kamwene, mwanangu. Tumeiona hapa na majirani. Televisheni ya sola, ilizima kidogo ikarudi."

"Mmeionaje, mama?"

"Nzuri. Yule mama amesema vizuri." Nikasikia anavuta pumzi. "Majirani wananitazama mimi badala ya televisheni. Nikawaambia tazameni mbele."

"Umekasirika?"

"Nikasirike kwa nini? Ila na wewe unatia chumvi. Kanga zenyewe zilikuwa mbili tu."

"Ulisema zikaisha, mama."

"Si ziliisha? Mbili haziishi?"

Tulicheka wote, na nikageukia ukutani ili wateja wasinione uso.

Jumatatu asubuhi anko aliweka flashi mpya juu ya kaunta, akaisukuma kwangu kwa kidole. Ya mapigano, kutoka China, bodaboda ameiulizia mwezi mzima. Safari hii maandishi ya chini yapo. Kwenye picha ya mbele kuna mzee mwenye ndevu mpaka kifuani, ameshika upanga.

"Unaweza hii?"

"Naweza."

Fundi alichungulia dirishani, sindano mdomoni. "Huyo mwenye ndevu," akasema, "tafadhali usimfanye shangazi."

Nikamwambia hajawaona shangazi zangu wa Iringa.