Solo ya Kimaiyo na Beti ya Tatu

"Mimi nikipiga solo, mwimbaji ni kachumbari tu! Akiwepo sawa, asipokuwepo nyama bado italiwa!"

Hayo Kimaiyo, mpiga gitaa, aliyatangaza kwa maikrofoni Jumapili mchana, mwaka 1969, kwenye baa moja ya Molo, mji ambao baridi yake hulazimisha hata asiyejua kudansi adansi. Watu walipiga makofi. Kachumbari mwenyewe, Gachanja, mwimbaji wa bendi, alicheka pia. Wote wawili walipasua mbao kiwanda kimoja huko Elburgon, na kwa pamoja walikuwa na vidole kumi na tisa. Aliyepungukiwa ni Gachanja, ndiyo maana akaimba.

Elburgon neno solo lilikuwa limetoroka bendi likazurura mjini. Ukibeba gogo bila msaidizi, umepiga solo. Mwanamume wa miaka thelathini bila mke, huyo ni solo. Kanisani mwanakwaya Chemutai akisimama peke yake kuimba, wazee wa mbele walinong'ona, "Leo kuna solo," wakaketi sawa. Lakini kwenye bendi, solo haikuwa kupiga peke yako hata kidogo. Lilikuwa gitaa la kumjibu mwimbaji: anaimba, unamjibu, unapanda na nyuzi zako, halafu unashuka ili ajue zamu yake imerudi. Usiposhuka, haingii. Kimaiyo alijua kupanda.

Mwaka uliofuata, mama yake Gachanja, Wangare, alitoka Keringet juu ya lori la viazi, akaingia baa ile ile na gumboots zake.

"Gachanja! Viazi vinaoza shambani na wewe uko hapa unalia kama mbuzi!"

Ukumbi mzima ulicheka. Gachanja, aibu ikichanganyika na bia mbili, akasema kwa maikrofoni: "Nani anamjua huyu mathe? Mimi simjui."

Wangare alifunga kitambaa chake vizuri. "Umenikana kwa maikrofoni, utaniomba msamaha kwa maikrofoni. Kabla ya hapo usikanyage kwangu."

Nafasi ilikuja mwaka 1972. Jayantilal, mwenye duka la redio na santuri pale Nakuru, alikubali kuwarekodi. Gachanja alitunga wimbo wa beti tatu, na ya tatu ilianza hivi: Mama Wangare wa Keringet, mimi ni wako, nilisema uongo. Akamwandikia mama barua asikilize redio.

"Upande mmoja wa santuri ni dakika tatu," Jayantilal aliwaonya. "Mkikosea sirudii. Makosa ya bure ninayo nyumbani, shemeji yangu anajifunza kinanda."

Fundi wa mitambo, Joginder, alisema atainua kidole ikibaki nusu dakika.

Beti ya kwanza, ya pili, kisha solo. Ilikuwa tamu, hata Gachanja hakuwahi kulikana hilo. Joginder aliinua kidole. Akainua mkono mzima. Akasimama. Kimaiyo alikuwa amefumba macho, yuko juu huko na nyuzi zake. Gachanja alikaa mdomo wazi akingoja ashuke, mpaka taa nyekundu ikazimika.

"Bado beti moja," Gachanja akasema.

"Boss, mkanda umeisha," Joginder akasema.

"Na upande wa pili?"

"Upande wa pili una wimbo mwingine," Jayantilal akasema, akisugua mikono. "Iacheni hivyo. Gitaa hili litauza!"

Kimaiyo alicheka. Anakumbuka kwamba alicheka.

Habari za Keringet zililetwa na Chelangat, jirani yake Wangare. "Mama alinunua betri mpya, akatuita sote. Tulisikiliza gitaa, gitaa, gitaa. Alingoja mpaka mtangazaji akaanza kusoma habari za pareto. Akazima redio, akasema, 'Kumbe bado hanijui.'"

Gachanja alikwenda kueleza, akarudishwa langoni. Basi akamwomba Kimaiyo: "Twende wewe umwambie. Mimi nikisema ni mdomo tu. Wewe ndiwe ulikula ile beti."

"Wiki ijayo, ndugu yangu."

Wiki ijayo kulikuwa na dansi Njoro. Wiki ile nyingine, Elburgon. Santuri ilikuwa inauzika, watoto walimwita Mzee Solo barabarani, na ni vigumu kwenda kukiri kosa ambalo kila mtu anakununulia bia kwa ajili yake. Julai 1973 Wangare alikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Gachanja alisimama nyuma kabisa kwenye mazishi, kama mgeni, na hakuimba tena.

Kimaiyo bado anapasua mbao. Ukimtajia ile santuri anaangalia viatu vyake.

"Yalikuwa maneno saba," huwa anasema. "Mama, beti yako ilikuwepo, ni mimi niliyeila."

Kila Jumapili ya mwaka ule wa mwisho wa Wangare, alikuwa Molo. Nauli ya basi kutoka Molo mpaka Keringet ilikuwa shilingi mbili.