Baridi ya Shangazi

Juzi nilipita kwa shangazi yangu kule Gachoka, nikakuta feni ya dari ikizunguka sebuleni, mlango na madirisha vimefungwa, na chumbani humo hamna mtu. Hasira ya utotoni ikanipanda upya.

Alasiri ile ya zamani alikuwa akimngoja pasta. Aliwasha feni tangu saa sita, akafunga mlango ili baridi ijikusanye, kisha akatuacha watoto juani tukipepeta ndengu. Mimi niliamini kabisa kwamba baridi hujaa chumbani kama maji kwenye tangi. Nikajilaza, pua kwenye upenyo wa chini ya mlango, nikavuta harufu ya nta na vumbi, nikingoja fungu langu.

Pasta alipoingia alianza kujifuta jasho. "Mama, humu ndani kuna joto kuliko nje!"

Shangazi, aliyekuwa ameniona pale mlangoni, alinigeukia. "Ni wewe umemaliza baridi!"

Nilichapwa mbele ya mgeni, na nikaomba msamaha.

Leo najua feni humpoza aliyeketi chini yake, si chumba kitupu. Nilichapwa kwa kuiba kitu ambacho hakikuwepo.

Juzi shangazi alifoka kutoka jikoni, "Funga mlango, baridi itatoka!"

Nikauacha wazi, nikafungua na madirisha yote.