Kambi ya Swima na Mguu wa Nyota

Enzi zetu pale Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, mwalimu akitaka mjue jani, hakulichora ubaoni, aliwapeleka likawawashe. Tulipoingia sekondari, mwalimu wetu wa biolojia, Wilondja, alitupeleka kambini siku tatu, mlimani juu ya kijiji cha Swima. Kila mmoja alibeba sahani, mkeka na unga wake wa muhogo. Mama alinifungia ndagala zilizokaushwa, dagaa wa ziwa letu, akaniambia, "Usikule za benzako, na zako usikule peke yako." Mpaka leo sijui nilipaswa kula zipi.

Mlima wenyewe ulitutisha tukiwa bado chini. Rafiki yangu Nyota, msichana mnene mwenye kicheko cha kuamsha kijiji, akanivuta kando.

"Mi najifanya nimetegua muguu. Mwalimu atasema we ubakie kunichunga. Tutashinda ku ziwa tunaoga."

Mpango ukanipendeza. Nyota akaanguka vizuri sana, akatoa na machozi.

Mwalimu akachuchumaa, akautekenya unyayo, akaona mguu unavyoruka. Hakutugombeza. Alisema tu, "Pole, mutoto yangu. Mugonjwa hatumuachi mu njia. Mukate miti, tumutengenezee kipoyi. Na rafiki yake atashika mbele."

Basi nikaibeba machela ile pamoja na wavulana watatu, jua la saa tano utosini, na Nyota juu yetu anajipepea kwa jani la mgomba. "Mubebe pole pole," ananong'ona, "niko mugonjwa." Nilimjibu maneno nisiyoweza kuyaandika, maana mama bado yu hai na anasoma. Kileleni tukamtua, bila kujua, juu ya siafu. Mgonjwa akaruka, akatimua mbio kutushinda sisi wazima. Mwalimu akapiga makofi: "Batoto, muone! Hewa ya mulima ni dawa!"

Adhabu yetu ilikuwa kuchota maji ya kambi nzima. Huko kijitoni, ndoo kichwani, ndiko nilikojifunza jani linalozuia damu na namna ya kuwasha kuni mbichi.

Siku ya kushuka, Mwalimu akiwa mbele, niliteleza juu ya jiwe nikivuka kijito kile, na mguu ukateguka kweli. Nikapiga ukelele. Wenzangu wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Mumuletee siafu!" mmoja akasema, wakaenda zao. Nilibaki nimekaa majini, migongo yao ikipotea kwenye matete, nikajua uongo wangu umenifikia.

Nyota peke yake aligeuka. Aliuona mguu unavyovimba, akainama mbele yangu. "Panda. Leo ni mi nabeba." Akanibeba hadi barabarani, akilalamika kila hatua kwamba mimi ni gunia la muhogo, nami nikilia na kucheka kwa pamoja.

Sasa mwanangu yuko darasa lile lile. Juzi aliambiwa achore jani la muhogo. Akalitafuta kwenye simu, na sombe, majani yale yale ya muhogo, imejaa nyuma ya jiko letu. Nilipomsimulia habari za kambi, akauliza, "Mama, rezo ya simu ilikuwa kule?"

Lakini nisimcheke sana. Ni sisi wazazi tunaoogopa njia za siku hizi zisizo na usalama, na sababu tunazo. Tunawafungia uani wasiumie, na kweli hawaumii. Ila jioni nikimuuliza leo mmefanya nini, ananijibu, "Hakuna kitu, mama." Na hasemi uongo.