Salamu ya Karani wa Mizani

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua pale Kasulu, mwanangu. Nina miaka ishirini na mmoja, nimesimama mlangoni mwa ghala la maharage, na mwanamume amenishika mikono yote miwili wala haniachii. Nami natabasamu. Hilo la kutabasamu ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa hiyo nakuanzia hapo.

Nilikuwa nimetoka kwetu Kibondo kuja kukaa kwa shangazi, nikapata kibarua cha kuchambua maharage. Tulikuwa wanawake kumi na wanne, tumekaa mikekani, tunatoa mawe na punje zilizooza, na mkataba wetu ulikuwa wa miezi mitatu mitatu. Ukiisha, karatasi ya majina inabandikwa mlangoni. Jina lako likiwemo, unarudi Jumatatu. Lisipokuwemo, unachukua ungo wako unakwenda. Hakuna aliyetueleza sababu, nasi hatukuuliza. Nyumbani nilimwacha mama mgonjwa aliyekula kwa kazi ile, basi ile karatasi niliiogopa kuliko radi.

Yule mwanamume alikuwa karani wa mizani, Joeli jina lake, mwajiriwa wa kudumu. Hakuwa bosi wetu, usidhani, ila alikuwa anakunywa chai na wanaoandika karatasi. Sasa wewe unazijua salamu zetu sisi Waha, hazina haraka. Tunashikana mikono, tunainama, mwakeye, mwakeye, wa nyumbani hawajambo, mvua imefika kwenu, na kuutoa mkono wako kabla mwenzako hajamaliza ni kumdharau. Joeli naye ni Muha, alilijua hilo vizuri. Kila asubuhi ananishika, anaulizia watu wote wa Kibondo, vidole vinapanda taratibu mpaka begani, vinatelemka kusiko kwake, na mdomo wake haujaacha kuulizia hali ya mama yangu. Nami na malezi yangu mazuri nimeinamisha kichwa, naitikia. Kisimani kwetu nilikuwa na mdomo wa kuogopwa, lakini pale ghalani nilikuwa bubu.

Aliyeona ni Mama Rebeka. Huyu alikuja kutoka Burundi akiwa mkimbizi, akapata uraia, akazeekea hapahapa, naye alikuwa kibarua kama mimi, tena mjane anayelea wajukuu watatu. Kwa kimo hakunifika begani. Kwa moyo, mwanangu, sijaona wa kumfikia. Asubuhi ile aliinuka mkekani, akaja, akaupitisha ungo wake katikati yetu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Joeli, salamu imekwisha. Mwachie mtoto akafanye kazi." Karani akacheka, akaniachia.

Mama Rebeka hakuishia hapo. Saa ya uji alinichukua hadi kwa msimamizi, akamweleza alichokiona. Msimamizi akanigeukia, "Ni kweli, binti?" Sasa sikiliza upumbavu wangu. Nilifikiria ile karatasi ya mlangoni, nikamfikiria mama, nikasema, "Alikuwa ananisalimu tu, bosi." Mama Rebeka akabaki amesimama mbele ya yule mtu kama mzushi. Nimezika wazazi, nimezika mume, lakini aibu ya siku ile bado ninayo.

Tulipotoka nilingoja anitukane. Tulirudi tukakaa mkekani. "Umeogopa," akasema. "Hata mimi naogopa, mwana wanje. Ila nimeona kwa macho yangu, siwezi kusema sijaona. Salamu ni ya watu wawili. Mmoja akiikataa imekwisha, na hajamkosea mtu." Kisha akaendelea na maharage yake.

Maneno hayo niliyabeba siku tatu. Siku ya nne Joeli alipokuja na mikono yake, nilirudi hatua moja nyuma, nikaificha yangu mgongoni, nikamjibu kwa ile sauti ya kisimani. "Mwakeye, Joeli. Usinishike. Sipendi." Wenzangu wote walisikia. Akaninong'oneza, "Karatasi inakuja, tutaona." Magoti yalikuwa yananitetemeka, nikaenda hivyohivyo kwa msimamizi, nikakiri kwamba siku ile nilidanganya, nikamtajia siku, mahali na waliokuwepo, na kile kitisho nacho. Mama Rebeka akaingia bila kuitwa. "Andika na jina langu," akasema. Nyuma yake wakaja wengine wawili walioshikwa vilevile, mmoja kwa mwaka mzima, wala sikuwa najua. Joeli akaitwa, akahojiwa, akaondolewa pale ghalani.

Mwisho wa mwezi karatasi ikabandikwa. Jina langu lilikuwemo. La Mama Rebeka halikuwemo. Aliisoma mara mbili, akajifunga kanga yake vizuri, akachukua ungo, akaniambia nimsalimie mama. Hakulaumu mtu. Sijui mpaka leo kama walimsahau au walimkusudia. Niliingia kwa msimamizi bila kupiga hodi, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Mama Rebeka hayumo. Kama ni kwa sababu alinisemea, futa na jina langu." Nilikuwa natetemeka vilevile kama mwanzo, kwa hiyo usije ukadhani ushujaa ni kutotetemeka. Msimamizi akachukua kalamu, akatoka nje, akaliandika jina la Mama Rebeka kwa mkono chini kabisa. Nilimkimbilia Mama Rebeka nikamkuta karibu na soko. Nilipomweleza alifikiri kidogo, akasema, "Haya, Jumatatu basi," akaendelea na safari yake.

Sasa wewe unaanza kazi ya muda huko Buhigwe, nami nakwambia. Mkataba wako ni wa miezi mitatu, lakini mwili wako si wa miezi mitatu. Wahenga walisema heshima si utumwa, nami nilidhani ni maneno ya kupamba kanga. Mtu akikushika usivyotaka, mwambie mapema na mbele za watu, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku na mahali viandike. Nenda kwa mkubwa wa kazi, usiende peke yako, na asipokusikia huyo yuko mkubwa wake. Ukiogopa mara ya kwanza ukasema uongo kama mimi, rudi useme kweli, mlango haujafungwa. Na kosa ni lake, mwanangu, usilibebe wewe. Juu ya yote, ukiona mwenzako anafanyiwa, usijifanye kuangalia maharage. Mimi nililelewa na mama mmoja, nikaja kufundwa utu uzima na mwanamke aliyekuwa na kila sababu ya kunyamaza.

Nenda salama. Mungu akupe kauli mahali pa kusemea, akupe na mtu wa kusimama ubavuni mwako. Na siku mwenzako akikwama, Mungu huyohuyo akuinue hapo ulipoketi ukamsemee.